Ukurasa wa Kumi na Nne

Ukitaka kumweleza mtu wa Same kazi anayofanya Careen, jipange. Ukisema anatengeneza tovuti, atakuletea simu iliyopasuka kioo aitazame mara moja. Ukisema anatengeneza kozi za mtandaoni, atakuuliza chuo chenyewe kiko upande gani wa stendi. Baba yake, Mzee Nathanaeli wa Gonja kule milimani, aliona atachoka bure, akawaambia washarika wenzake kwamba binti yake ni mwalimu, isipokuwa wanafunzi wake hawaonekani. Wenzake waliguna, wakasema watamkumbuka kwenye maombi.

Na kweli hawaonekani. Miaka tisa Careen amekaa kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la pembejeo, madirisha kayafunga kwa sababu upepo wa Same hauna adabu, akifundisha maelfu ya watu ambao hamjui hata mmoja kwa sura. Makarani amewafundisha kutunza siri za wateja, madereva wa malori amewafundisha kupumzika, wahudumu wa hoteli amewafundisha kutabasamu. Anaandika maelezo, anapanga picha, anasoma kwa sauti yake mwenyewe kwenye kipaza sauti alichokivalisha soksi, anatunga maswali, na mwishoni anaweka cheti chenye nyota. Sauti anayo, hilo hata mahasidi wangekubali. Kwaya ya usharika wa kwao mpaka leo inamlilia.

Ila kuna jambo ambalo watu wa kazi ile hawalisemi mbele ya mteja, nami nitalisema. Hakuna anayesoma. Mtu anafungua kozi, anabofya Endelea, Endelea, Endelea, kama anayefukuza nzi, anafika kwenye maswali, anabahatisha mpaka apate, anachukua cheti chake, anakwenda kunywa chai. Mwanzoni jambo hilo lilimuuma Careen. Baadaye likamuudhi. Mwishowe akalizoea, na mtu akishazoea kusema peke yake, kusema kwenyewe kunakuwa kama kupumua tu.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yake, Dorkas, akafariki. Walimzika nyuma ya nyumba, jirani na migomba yake, mvua ikinyesha. Careen hakulia. Akina mama wa msibani walimtazama wakasema binti huyu amejikaza. Wapi! Hakujikaza, hapakuwa na kitu cha kukaza. Alikuwa amekufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, anasikia watu wanaimba, anaona makande yanagawiwa, anajibu shikamoo, na ndani hakuna mtu. Siku ya tatu baada ya maziko aliteremka mjini kufanya kazi, kwa sababu kazi ilikuwa na tarehe.

Kazi yenyewe aliletewa na kaka yake, Rodgers. Huyu ni afisa usalama kwenye shamba la mkonge lililo bondeni, mwendo wa nusu saa kutoka mjini. Wakubwa wa shamba walitaka wafanyakazi wa mashine wapate mafunzo ya usalama mtandaoni, ili wakaguzi wakija waonyeshwe vyeti. Mashine ile inayoparura majani ya mkonge mpaka zibaki singa inaitwa korona, na jina hilo inalo tangu zamani, kabla ule ugonjwa haujazaliwa, kwa hiyo mtu asicheke. Rodgers alitaka kozi ndani ya juma moja. Careen akafanya kama fundi yeyote anavyofanya: hakukata kitambaa kipya. Alichukua kozi yake ya zamani ya matumizi salama ya vifaa vya ofisini, akainakili nzima, akaanza kubadilisha picha na sauti, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Alifanya siku nne, akili iko Gonja, mikono iko Same. Hakumbuki vizuri siku zile.

Kitu kimoja alikifanya bila kuagizwa, na hicho alikirithi. Mnajua tunavyosemwa sisi: Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi Mzee Nathanaeli aliendesha kesi ya mpaka miaka kumi na moja, kisa ni mfereji wa maji usiozidi upana wa jembe, na alishinda kwa sababu alitunza kila karatasi, mpaka barua za salamu, kwenye jalada moja la plastiki la bluu. Watoto wake walikua wakiambiwa kwamba karatasi haitupwi. Kwa hiyo kila kozi ya Careen, mteja ajue asijue, mfumo unaandika kila kitu: nani ameingia, saa ngapi, kwa simu gani, amekaa ukurasa gani kwa sekunde ngapi. Wenzake wa mjini walimcheka. Yeye alisema ipo siku.

Siku ikafika mwezi wa sita. Jumatatu asubuhi Rodgers alipiga simu akasema kuna mfanyakazi ameumia, mkono wa kulia umeingia kwenye korona, amekatwa hospitali juu kidogo ya kifundo. Jina lake Swalehe, mtu wa Kasulu, alihamishiwa kwenye mashine miezi mitatu tu iliyopita kutoka kukata mkonge. Aliuingiza mkono mwenyewe kuvuta jani lililokwama, mashine inazunguka. Alhamisi kuna kikao cha nidhamu. Rodgers alihitaji nakala ya cheti cha Swalehe, kuthibitisha kwamba alifundishwa akakiuka kwa uzembe wake. Akikutwa na uzembe ataachishwa kazi, na familia itatoka kwenye nyumba ya kambi. Asipokutwa nao atapewa kazi ya getini na nyumba atabaki nayo. Careen alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, akasema sawa, atamtumia, akarudi kwenye kozi aliyokuwa anaitengeneza, ya utunzaji wa mafaili.

Msimwone katili. Alijua ni habari mbaya, kama mtu anavyojua kwamba maji yanachemka kwa kuyatazama tu. Moto hakuusikia.

Mchana uleule mke wa Swalehe akabisha hodi. Aliitwa Salha, mwanamke mwembamba, kanga yake imejaa vumbi la barabarani, na alikuwa ameulizia kwa nusu ya mji mahali anapokaa dada wa kozi. Hakuja kulia. Alikuja na shauri moja, akalirudia mara tatu ili lisipotee: mume wake alisoma. Watu wa kambini wanasema Swalehe ni mjinga, alipewa elimu akaikalia. Meneja naye anasema hivyohivyo. Lakini mume wake aliiomba ile kozi mwenyewe, akaisoma kwa simu ya Salha, akaweka na bando kwa ajili hiyo, na wenzake wakamfanyia mzaha kwamba mzee wa miaka hamsini na moja anataka digrii. Salha alimtaka Careen aende kikaoni awaambie hilo tu, kwamba alisoma.

Careen alimwangalia akamhurumia kwa akili, kwa kuwa kwa moyo hakuweza. Aliona mama huyu anaomba kamba ya kumnyonga mumewe. Kama Swalehe alisoma, basi ni mzembe na kazi imekwisha. Kilichoweza kumwokoa ni kwamba hakusoma. Tena Careen alishajua kwamba hakuna aliyesoma; mwezi wa tatu vyeti vya shamba lile vilimiminika karibu vyote alasiri moja, kama mahindi yanavyomwagika gunia likitoboka, akajua kaka yake amekaa mahali na simu yake anawabofyea watu wote. Alinyamaza, kaka ni kaka. Sasa alimwambia Salha aende nyumbani, atatazama kumbukumbu zinasemaje.

Aliziangalia kesho yake, Jumanne, baada ya chai. Wafanyakazi arobaini na watatu. Arobaini na wawili waliingia kwa simu moja, simu ya Rodgers, saa nane hadi saa kumi na nusu, kila ukurasa sekunde mbili. Hilo alilitegemea. Wa arobaini na tatu alikuwa kwenye simu nyingine, siku nyingine, Jumapili, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Swalehe. Ukurasa wa kwanza dakika tano. Wa pili dakika saba. Alirudi nyuma, akasikiliza tena, akaenda mbele. Ukurasa wa kumi na nne alikaa dakika kumi na moja na sauti akaicheza mara nne. Maswali ishirini, akapata ishirini, bila kurudia hata moja.

Careen aliusogeza uso karibu na kioo. Katika miaka tisa hakuwahi kuona mistari ya namna ile. Huyu alikuwa mwanafunzi. Alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza, ukihesabu kwa haki, na kwa muda mfupi alisikia kitu kama furaha kinamtekenya kifuani, akashangaa. Halafu akajiuliza, kama alisoma vile, kwa nini aliingiza mkono? Ukurasa wa kumi na nne ndio uliohusu kitu kikikwama. Akaufungua, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Picha ilikuwa ya korona, safi, inaonekana vizuri. Chini yake ikaanza sauti yake mwenyewe, tamu, haina haraka: "Kitu kikikwama kwenye mashine, usikivute kwa nguvu. Kishike kwa vidole, ukivute taratibu kuelekea kwako mpaka kitoke. Kisha endelea na kazi."

Ulikuwa ukurasa wa mashine ya fotokopi. Ule wa ofisini. Alibadilisha picha, sauti hakuibadilisha. Labda umeme ulikatika, labda simu ya msibani iliingia, labda alisema atarudi. Hakurudi. Swali la saba nalo liliuliza mtu afanye nini kitu kikikwama, na jibu sahihi, alilolitia alama ya kijani kwa mkono wake, lilikuwa kuvuta taratibu. Swalehe alilichagua, na mfumo ukamwambia hongera.

Alicheza ile sauti mara nne, kama alivyofanya Swalehe. Alingoja kitu kimpate. Hakikumpata. Aliona tu vidole vyake juu ya meza, kumi, vimetulia. Akachapisha kumbukumbu zote, karatasi kumi na sita, akazihesabu, akazihesabu tena. Simu ya Rodgers iliita mara tano siku ile na hakuipokea.

Jumatano alipanda Gonja. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, maana aliyekuwa anaambiwa mambo ya namna ile alikuwa ameshalala kule jirani na migomba. Mzee Nathanaeli alivaa miwani, akazisoma karatasi moja moja kama alivyokuwa anasoma za kesi yake, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alipofika kwenye ile simu moja yenye watu arobaini na wawili, akauliza hii ni simu ya nani, ingawa namba aliijua kwa kichwa. Careen akajibu. Kisha akamwelezea ukurasa wa kumi na nne, akamchezea na sauti.

Mzee alivua miwani. Alitazama ukungu unavyoteremka kuelekea Maore, kule bondeni. Akauliza nani mwingine ameziona karatasi hizi. Hakuna, baba. Akauliza kama zinaweza kufutika huko ndani ya kompyuta. Zinaweza.

"Basi mwanangu," akasema, na hakumtazama, "karatasi nyingine huchomwa."

Miaka yote ile ya mfereji, na leo ndiye anayesema hivyo. Careen alimwelewa. Mwaka huu ameshamzika mke. Watoto anao wawili tu, na karatasi zile zinawachukua wote, mmoja kwa kubofya na mwingine kwa kutosoma alichokitengeneza. Alisema sawa, baba, kama alivyomwambia Rodgers sawa. Aliosha vyombo, wakasali, akaenda kulala. Ukimuuliza usiku ule aliamua nini, hajui. Wala hakulala na uamuzi wowote.

Asubuhi alimkuta baba yake amekaa ukumbini na jalada la bluu mapajani. Karatasi za kesi, zote, miaka kumi na moja, zilikuwa zimerundikwa kwenye kiti, hazina mpangilio. Jalada lilikuwa tupu. Ndani yake alikuwa ameziweka zile kumi na sita.

"Nje kuna manyunyu," akasema mzee. "Zisilowe."

Careen alilichukua. Alipanda basi la kwanza na jalada kifuani, akafika shambani saa saba na dakika chache.

Kikao kilikuwa kwenye ofisi ya meneja, watu watano na feni moja isiyozunguka. Meneja, karani wake, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Rodgers, na Swalehe kwenye kiti cha pembeni. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, amevaa shati lililopigwa pasi, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Careen alimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akamtazama kwa makini, akainamisha kichwa kidogo kana kwamba anajaribu kusikia kitu cha mbali. Rodgers alimkonyeza dada yake, akidhani ameleta cheti.

Careen alieleza kwa maneno machache, sauti haipandi haishuki, kama anavyosoma kurasa zake. Alisema Swalehe alisoma kozi yote, kwa muda wa karibu saa tatu, na hapa kuna ushahidi. Alisema wengine arobaini na wawili hawakusoma, na namba ya simu iliyotumika ni hii. Rodgers alitazama sakafu na hakuinua tena uso mpaka mwisho. Meneja akasema vema, kama alisoma basi uzembe umethibitika mara mbili. Ndipo Careen akaweka laptopu mezani, akafungua ukurasa wa kumi na nne.

Sauti ilisikika chumba kizima. Kishike kwa vidole. Ukivute taratibu kuelekea kwako. Karani aliacha kuandika. Mwakilishi wa chama akaomba ichezwe tena, ikachezwa, na meneja akavuta laptopu upande wake aangalie ile picha kwa karibu.

Careen akasema kozi ile aliitengeneza yeye, peke yake, na maneno yale ni yake. Alisema yalikuwa ya mashine ya kutolea nakala. Meneja alimwambia kwamba baada ya hapa hatapata kazi kwao wala kwa jirani zao, na huenda akaitwa kwingine. Akajibu anajua. Yote hayo aliyasema na kuyasikia kutoka mbali, kama mtu aliyekaa chumba cha pili.

Swalehe alikuwa bado ameinamisha kichwa, anasikiliza. Sasa uso wake ulifunguka, akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, mnielewe, halikuwa la kejeli.

"Ndiye," akawaambia wengine. "Ndiye sauti yenyewe. Nimesema tangu mwanzo kwamba nilisoma, mkanicheka."

Akamgeukia Careen. Alitaka kunyoosha mkono amsalimie vizuri, bega la kulia likaenda mbele na mkono haukwenda, akanyoosha wa kushoto. Careen akaupokea. Ulikuwa wa moto na mgumu kama mpini wa jembe.

"Asante kwa kuja, mwalimu," akasema Swalehe. Kisha akapunguza sauti, kama mwanafunzi anayengoja wenzake watoke darasani ndipo aulize. "Lakini nisaidie hapo hapo. Nilishika kwa vidole. Sikuvuta kwa nguvu, nilivuta taratibu, hivyo hivyo kama ulivyosema. Mimi nilikosea wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Alingoja ajibiwe. Careen alifungua mdomo, na ile sauti yake tamu, iliyosoma kurasa maelfu na kuimba na kuitikia pole zote za msiba wa mama yake bila kukatika, haikutoka. Alijaribu tena. Kitu kilimpanda kutoka tumboni kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa bila taarifa, akaushika ule mkono mmoja kwa mikono yake miwili, akainama.

"Hukukosea, baba," akasema. "Hukukosea popote."

Karani aliuliza kama hayo nayo yaandikwe. Meneja akamwambia aandike.